Sala kwa Ajili ya Waliouawa Garissa

Mwaka 2015 Alhamisi Kuu ilikuwa tarehe 2 Aprili, na siku hiyo, ambayo kwa Wakristo ndiyo mlango wa kuingilia katika siku tatu zilizo kuu kupita zote katika mwaka wao wa ibada, watu wanne wenye bunduki na baruti, wafuasi wa kundi la Al-Shabaab, walilivamia lango la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakawapiga risasi walinzi, kisha wakaingia ndani kati ya vijana ambao wengi wao walikuwa wangali usingizini. Si wote waliokuwa wamelala. Katika darasa mojawapo wanafunzi wa umoja wa Wakristo walikuwa wamekwisha kukusanyika kwa sala ya alfajiri, na hao, wakiwa katika dua, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufikwa na mauti. Kutoka hapo wauaji walikwenda mabwenini, wakawatenga Waislamu na Wakristo, na dhuluma hiyo ikaendelea mchana kutwa hata jioni, kikosi maalumu cha polisi, ambacho kilikuwa kimechelewa mno kufika, kilipoingia na kuimaliza kwa muda mfupi. Waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Habari za bunduki zimekwisha kuandikwa na wengi, nami sina la kuongeza juu yake. Jambo ambalo halijaandikwa vya kutosha, na ambalo kwa maoni yangu lina haki ya kuwekwa katika historia ya nchi hizi zetu, ni jinsi Wakristo walivyosali baada ya msiba ule, mahali gani, kwa desturi zipi walizozirithi na zipi walizojifunza kwa uchungu. Maana sala nayo ina historia yake, na watu wanaolia pamoja hulia kwa namna walivyofundishwa na waliowatangulia.

Kwanza yafaa kuujua mji wenyewe. Garissa umekaa ukingoni mwa mto Tana, nao ni mlango wa jimbo ambalo Waingereza waliliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na ambalo tangu zamani za ukoloni lilitawaliwa kwa amri maalumu, likafungiwa wageni, kisha baada ya uhuru likaingia katika vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967, ambavyo makovu yake hayajapona hata leo. Wenyeji wake ni Wasomali, nao ni Waislamu. Wakristo wa Garissa aghalabu ni watu waliotoka bara: walimu, wauguzi, makarani, askari, wafanyabiashara wadogo na wanafunzi, ambao wengi wao walipelekwa huko kwa barua ya serikali na si kwa hiari ya nafsi zao. Ndiyo kusema kanisa la Garissa lilikuwa tangu mwanzo kanisa la wasafiri, la watu wanaohesabu miaka ya kuhamishwa, wasio na makaburi ya babu zao katika ardhi ile. Kanisa la namna hiyo hujengwa kwa shida. Mapadre Wakapuchini kutoka Malta ndio waliolilea kwa upande wa Wakatoliki, na jimbo la Garissa lilipoinuliwa kuwa jimbo kamili la kiaskofu mwaka 1984, aliwekwa mmoja wao, Paul Darmanin, kuwa askofu, akadumu katika kazi hiyo kwa miaka thelathini na zaidi. Mwenzake Joseph Alessandro, aliyemrithi, alikuwa amekwisha kupigwa risasi na majambazi katika nchi ile ile mwaka 1993, akarudishwa kwao kutibiwa, naye akakubali kurejea. Nalitaja hili kwa kuwa waumini wa Garissa waliposikia neno la faraja mwaka 2015 walilisikia kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na jeraha lake mwenyewe.

Wala msiba wa chuo haukuwa wa kwanza kwa kanisa hilo. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, wakati wa ibada, wauaji walilishambulia kanisa la African Inland kwa mabomu ya mkono na risasi, na saa ile ile bomu likatupwa katika kanisa kuu la Wakatoliki. Waliokufa siku hiyo walikuwa watu wapatao 17, karibu wote katika lile kanisa la kwanza. Baada ya maziko lilitokea jambo ambalo ni fahari ya mji ule. Viongozi wa Kiislamu, wakiongozwa na Adan Wachu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, waliafikiana kwamba vijana wa Kiislamu wasimame kuyalinda makanisa Jumapili, wakati jirani zao wanaposali. Katika nchi ambamo watu wengi walitazamia kisasi na magomvi ya dini, wazee wale waliona kuwa heshima ya msikiti wao imo katika usalama wa kanisa lililo jirani, na kwa kitendo hicho waliisaidia sala ya Wakristo kuliko hotuba nyingi zilizotolewa Nairobi.

Ili kuelewa jinsi taifa zima lilivyojifunza kusali baada ya misiba ya namna hii, hatuna budi kurudi nyuma hadi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, wakati mabomu mawili yalipolipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao wakipoteza macho kwa vioo vya madirisha waliyoyakimbilia waliposikia kishindo cha kwanza. Dar es Salaam walikufa 11. Jengo la Ufundi, lililokuwa kando ya ubalozi wa Nairobi, lilianguka lote na kuwafukia waliokuwamo. Kabla ya siku ile Wakenya walikuwa wamezoea sala za kitaifa za sikukuu za serikali, ambamo maaskofu, mashehe na makasisi wa Kihindu hupanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akasema dua yake fupi mbele ya wakubwa. Mwaka 1998 watu walisali vingine. Walisali barabarani mbele ya kifusi, wakasali katika mistari mirefu ya kutoa damu hospitalini, Mkristo akisimama nyuma ya Mwislamu na asijue, na pengine asijali, dua iliyo midomoni mwa aliye mbele yake ni ya kitabu gani. Mahali pale pakafanywa bustani ya kumbukumbu, ikafunguliwa mwaka 2001, na ukutani pakaandikwa majina ya waliokufa, na hata sasa kila tarehe 7 Agosti jamaa zao hukutana hapo kwa sala. Nasema kwa yakini kwamba ukuta ule ndio uliowafundisha Wakenya wa zama zetu kusali kwa majina, na ni jambo hilo la majina ninalotaka msomaji aliangalie kwa makini katika yanayofuata.

Miaka iliyofuata ilileta misiba mingine, nami sitaisimulia yote. Tanzania nayo haikusalimika: tarehe 5 Mei 2013, katika mtaa wa Olasiti, Arusha, bomu lilitupwa kati ya waumini waliokuja kuzindua kanisa lao jipya, mbele ya balozi wa Papa na askofu mkuu Josaphat Lebulu, wakafa watu watatu. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Nairobi iliona maafa ya jengo la maduka la Westgate, ambamo waliuawa watu 67. Machi 2014 ikawa zamu ya kanisa dogo la Likoni. Novemba 2014 abiria 28 walishushwa kutoka katika basi karibu na Mandera na kuuawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo, na siku chache baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika nchi ile ile. Kwa hiyo Pasaka ya mwaka 2015 ilipokaribia, kanisa la kaskazini lilikuwa limekwisha kupungua sana. Walimu walikataa kurudi, wakaandamana Nairobi wakiomba wahamishwe, na viti vya kanisani vikabaki vitupu kabla hata bunduki hazijasikika chuoni.

Sasa turudi katika siku zile tatu. Wauaji walichagua Alhamisi Kuu. Kama walijua maana yake au hawakujua, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kwa kuichagua, waliwaweka Wakristo wa Kenya ndani ya ibada ambayo haihitaji kuongezewa neno ili ifanane na msiba. Ijumaa Kuu Kanisa Katoliki haliadhimishi Misa. Altare huachwa tupu bila kitambaa wala mshumaa, na padre huanza ibada kwa kulala kifudifudi sakafuni pasipo kusema lolote. Waanglikana na Waprotestanti wengine nao huisoma habari ya mateso kwa kirefu. Hapakuwa na haja ya mhubiri kutafuta mfano. Waliokuwa kanisani mchana ule walijua kwamba saa ile ile miili ya vijana ilikuwa ikipelekwa Nairobi kwa ndege, kwa kuwa Garissa hapakuwa na mahali pa kuihifadhi yote. Na Jumamosi Kuu, ambayo katika mapokeo ya Kanisa ni siku ya ukimya, siku ya kukaa kaburini, wazazi kutoka kila pembe ya Kenya walikuwa wameketi kando ya chumba cha maiti cha Chiromo wakisubiri kuitwa kumtambua mtoto, na wengine katika uwanja wa Nyayo, wakiwa pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu, wakisubiri mabasi yawaletayo waliookoka ili waone kama watoto wao wamo. Katika mambo yote niliyoyasoma na kuyasikia juu ya siku zile, hakuna linaloshika moyo wangu kuliko hili, kwamba taifa zima lilikaa Jumamosi Kuu kama ilivyoandikwa ikaliwe, na wala hakuna askofu aliyeliamuru.

Siku ya Pasaka Askofu Alessandro aliongoza Misa Garissa, katika kanisa la Mama wa Faraja, askari wenye silaha wakiwa wamesimama nje, na mamia ya watu walikuja. Naomba msomaji atafakari maana ya kuja kwao. Hawa walikuwa watu wa bara, wenye tiketi za basi mikononi, walioonywa na jamaa zao kwa simu usiku na mchana waondoke. Na kanisa walilokwenda lilikuwa limekwisha kutupiwa bomu miaka mitatu kabla. Wala hawakuahidiwa muujiza. Askofu aliyaunganisha mateso yao na mateso ya Yesu, na basi. Huko Roma Papa Fransisko aliwataja vijana wa Garissa katika salamu zake za Pasaka kwa ulimwengu, na Canterbury askofu mkuu Justin Welby aliwaita mashahidi wa imani. Maneno hayo yalikuwa na thamani yake, na wazazi wengine waliyapokea kwa shukrani. Walakini mimi nauona uzito mkubwa zaidi katika ile Misa iliyosaliwa kando ya mto Tana, kwa sababu sala isemwayo mahali pa hatari na watu ambao wangeweza kuondoka ni sala iliyokwisha kulipiwa.

Hapo ndipo lilipozuka suala la majina. Serikali ilitangaza siku tatu za matanga, na kwa siku hizo magazeti yalitaja hesabu tu, kwanza 147, kisha 148. Vijana wa Nairobi hawakuridhika. Jioni ya tarehe 7 Aprili walikusanyika katika bustani ya Uhuru, wakasimika misalaba ardhini kwa idadi ya waliouawa, wakawasha mishumaa, wakaanza kuwataja mmoja mmoja kwa jina. Wengi wao hawakuwa watu wa kanisani, wala mkutano wao haukuitishwa na kanisa lolote. Lakini walichokifanya kilikuwa ibada ya kale kabisa ya Wakristo. Katika mkesha wa Pasaka huimbwa litania ya watakatifu, jina kwa jina, na kila jina kusanyiko huliitikia. Tarehe 2 Novemba Wakatoliki huwakumbuka marehemu wao, na katika parokia nyingi majina yao huandikwa na kuwekwa karibu na altare. Kanisa tangu zamani lilikataa kuwahesabu wafu kama magunia. Vijana wale walilikumbusha, na si haya kwa Kanisa kukumbushwa lililo lake na watoto wake walio nje ya mlango.

Ipo tena desturi nyingine iliyojitokeza, nayo ni msamaha, na katika hili napenda kusema kwa hadhari. Wakristo wa Afrika Mashariki wameirithi kwa sehemu kubwa kutoka katika Uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937. Katika miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wagikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki walizopewa na serikali ili wajilinde. Baadhi yao waliuawa, na waliobaki wakafundisha kutolipiza. Vita vile vilikuwa na madai ya haki ya ardhi na ya uhuru, nami sivilinganishi kamwe na uchinjaji wa wanafunzi. Nautaja Uamsho kwa ajili ya kuonyesha tu asili ya desturi. Lakini urithi huo mzuri una hatari yake, yaani kuharakisha. Baada ya Garissa walikuwapo wahubiri waliomtaka mzazi aseme amesamehe kabla hajapata kuuona mwili wa mwanawe. Hili silikubali. Kitabu cha Zaburi, ambacho ndicho kitabu cha sala cha Kanisa lote, kimejaa malalamiko, na mwenye kulalamika humo humwuliza Mungu waziwazi yuko wapi na atanyamaza hata lini. Na Kristo mwenyewe msalabani aliomba kwa zaburi ya malalamiko. Msamaha unaomnyima mtu haki ya kulia hautoki katika Maandiko. Tena kulalamika mbele za Mungu hakuondoi wajibu wa kuuliza mbele ya wanadamu: kwa nini maonyo hayakusikilizwa, kwa nini kikosi kilichelewa, nani aliwasaidia wauaji. Mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Na mwezi Juni 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kushiriki katika njama ile, mmoja wao akiwa Mtanzania. Kusamehe na kushitaki havigombani. Maaskofu waliosema yote mawili kwa pumzi moja ndio waliosema kweli.

Yaliyofuata mwaka ule wa 2015 yaonyesha kwamba sala zile hazikwenda bure, ingawa si kazi ya mwandishi wa historia kupima thawabu. Mwezi Novemba Papa Fransisko alikuja Kenya, na alipokutana na viongozi wa dini Nairobi aliwataja waliouawa Westgate, Garissa na Mandera. Haukupita mwezi mmoja, tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera likasimamishwa na Al-Shabaab karibu na El Wak, wakaamuru kama kawaida yao kwamba Wakristo watengwe. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha wenzao mitandio yao, wanaume wakasema kwamba kama ni kuua basi wauawe wote pamoja. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Kama Wakristo wana kitabu cha majina ya kutajwa katika sala, jina la mwalimu huyo nalo litajwe, kwa taadhima ya dini yake mwenyewe.

Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wanafunzi Wakristo wamo humo hivi leo.

Lakini napenda kumalizia kwa jambo la kazi, ambalo nawaelekezea mapadre, wachungaji, wazee wa kanisa na jamaa za marehemu. Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya miaka ya 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, hutajwa kwa majina yao kila tarehe 3 Juni huko Namugongo, na halaiki ya watu husafiri kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Congo kwenda kuwaadhimisha. Twajua majina hayo, na twajua wengi wao walikufa namna gani, kwa sababu wamisionari na waumini wa wakati ule waliwatafuta waliookoka na waliokuwapo, wakawauliza, wakaandika ushuhuda wao kabla haujapotea. Waliookoka Garissa sasa ni watu wazima walio na kazi na watoto, waliotawanyika katika miji yote ya Kenya na ng'ambo; wazazi wa marehemu wanazeeka, na baadhi yao wamekwisha kufa. Kila parokia na kila ushirika uliozika kijana wa Garissa uandike katika daftari lake jina lake kamili, jina la wazazi wake, alikozaliwa, alivyosali na alivyozikwa, na Alhamisi Kuu ya kila mwaka jina hilo lisomwe kwa sauti mbele ya kusanyiko. Yeyote anayejua habari ya mmoja wao asingoje kuulizwa. Aende kwa katibu wa kanisa lake, aiandikishe mwaka huu.